Wannes Alivyopona Wakati Mbaya

Wannes Verschaeve alikuwa ameinama nje ya duka la vitu vya kale la Firmin Roels, mjini Ghent, akijifanya anafunga kamba za viatu, alipomwona Roels akimnyang'anya mjane mmoja saa ya ukutani. Kunyang'anya ni neno langu. Roels angesema ameinunua. Alimpa mama wa watu noti ya euro ishirini, na kabla mama huyo hajafika kituo cha tramu, saa ilikuwa dirishani na bei yake mia nne. Wannes alikuwa hajafika hata kiatu cha pili. Akajiambia kwamba mtu mwenye tamaa ya namna hiyo kumwacha hivi hivi ni dhambi.

Kilichomvutia zaidi ni namna Roels alivyoitazama mikono ya yule mjane. Ilikuwa ikitetemeka. Saa hakuikagua kabisa. Aliikagua mikono, akajua huyu ana shida, hana muda wa kubishana bei.

Sasa, kutetemeka ndiko kulikokuwa mtaji wa Wannes. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwauzia wenye tamaa ramani za kale alizochora mwenyewe jikoni, akazizeesha kwa chai na joto la oveni. Kila mara aliingia dukani jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, mikono ikicheza, sauti ikikatika: ni ya marehemu babu, naiuza kwa sababu ya kodi ya nyumba. Nyuma yake aliingia Godelieve, dada wa mke aliyemwacha, ndani ya koti la kitajiri, akaitupia ramani jicho na kuguna kama aliyeona dhahabu. Mwenye duka akalipa upesi asije akazidiwa kete. Wenzake wa kazi hiyo walimsifu Wannes kwa kuigiza. Hakuna aliyejua kwamba hakuwa akiigiza. Jasho lilikuwa lake kweli, na moyo ulimwenda mbio hata siku za mapumziko, hata simu ikilia tu.

Mwezi wa pili alianguka kwenye foleni ya mkate, akiwa na hakika kwamba anakufa. Hakufa. Daktari Annelore alimpima, akamwambia moyo wake ni mzima, ila ni wasiwasi unaoukimbiza, akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Alimweleza kwamba dawa ingechukua wiki kadhaa kushika. Kisha akaongeza jambo ambalo Wannes alilisikiliza kama abiria wa ndege anavyosikiliza maelezo ya mkanda: siku ukijisikia vizuri, usiache mwenyewe, njoo tuzungumze.

Wiki ya sita Wannes alijisikia vizuri. Alilala kama gogo. Alimaliza sahani nzima ya nyama iliyopikwa kwa bia, na viazi vyake vya kukaanga. Simu ikilia, aliipokea. Balaa lilikuwa kazini. Aliingia duka la kwanza na ramani yake kama balozi anayewasilisha hati. Mwenye duka akavaa miwani, akaichunguza ramani dakika kumi, kisha akamuuliza kwa upole kama chai aliyoitumia ilikuwa ya rangi au ya maziwa.

Godelieve hakuwa na subira na afya ya namna hiyo. Alikuja jikoni kwa Wannes, akakiinua kipakiti cha dawa kwa vidole viwili.

"Shemeji, umepona," alisema. "Aliyepona anameza dawa za nini?"

Wannes alimweleza maneno ya daktari. Godelieve akauliza kama huyo daktari ndiye anayelipa kodi ya nyumba hii, na akamkumbusha kwamba Roels yuko pale dukani kwake, mnono, anangoja kutetemekewa.

Ukweli ni kwamba Wannes hakuhitaji kusukumwa sana. Alikuwa na aibu yake ya siri: kwamba mwanamume wa miaka hamsini na nne hawezi kununua mkate mpaka ameze kidonge. Kama ni mzima, basi ni mzima. Jumapili aliweka kipakiti juu ya kabati.

Siku mbili za kwanza alijisifu. Siku ya tatu, kila alipogeuza shingo, kitu kama umeme kilipita kichwani. Siku ya nne alilia akitazama tangazo la sabuni ya kufulia. Ijumaa mikono yake ilitetemeka vizuri ajabu, na Godelieve aliitazama kama mkulima anavyotazama wingu la mvua.

Wannes aliingia kwa Roels peke yake. Godelieve angefuata baada ya dakika tano. Lakini alipofungua mdomo, babu alikuwa amempotea kabisa. Alisimama pale na ramani mkononi, dunia inazunguka. Roels aliitazama mikono, kama kawaida yake. Kisha akamtazama usoni, kwa muda mrefu. Akaenda mlangoni, akafunga.

"Leo siku ya ngapi tangu uache vidonge?" aliuliza.

"Vidonge gani?"

"Vya wasiwasi. Ukigeuza shingo, unapita umeme?"

Wannes alitaka kusema uongo, akakuta hana hata mmoja. "Unapita," alisema.

"Mimi nimeacha mara mbili," alisema Roels. "Mara ya pili nililia mbele ya mteja aliyekuja kununua kinara cha mishumaa. Nilidhani nimepona, bwana. Kumbe nilikuwa mzima kwa sababu nilikuwa navimeza."

Akamkalisha kwenye kiti kikubwa cha ngozi, akamletea maji, akamwambia avute pumzi taratibu. Wannes alilia kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwenye duka kuzungumza naye bila mmoja wao kumwibia mwenzake. Au ndivyo alivyodhani. Kwa kuwa Roels, kwa sauti ile ile ya huruma, alianza kumweleza kwamba kiti hicho kilikuwa cha mkuu wa monasteri, na kwamba yeye mwenyewe alikikalia majira yote ya baridi yaliyomtesa. Hakiuzwi, alisema. Alirudia mara tatu kwamba hakiuzwi.

Mlango ulipofunguliwa, Godelieve, aliyekuwa ameganda nje ndani ya koti lake, alimwona shemeji yake akitoka kinyumenyume akivuta kiti. Euro mia na themanini, zote walizokuwa nazo, zilibaki ndani. Ramani nayo ilibaki. Roels alikuwa ameipokea kwa euro kumi na tano, kwa ajili ya juhudi.

Wannes alikaa kwenye kiti hapo hapo kando ya mfereji, akapiga simu kwa daktari. Daktari Annelore hakumgombeza. Alimuuliza anahisi nini, akamwambia ameze kimoja kama kawaida, asijaribu kufidia vilivyopita, na Jumatatu afike. Wannes akamwambia kwamba angependa siku moja kuviacha. Daktari akajibu kwamba siku hiyo itafika, na wataviacha pamoja, kidogo kidogo.

Alipokata simu, Godelieve alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti akisoma kibandiko.

"Kimetengenezwa kiwandani," alisema. "Mkuu wa monasteri gani huyu?"

Wannes alicheka mpaka umeme ukapita tena. Alimwambia kwamba ametapeliwa, anajua, na kwamba asubuhi atameza kidonge chake na keshokutwa vilevile, kazi ikiharibika na iharibike. Kisha akasimama kumpisha.

"Hebu kaa."

Godelieve alikaa ili athibitishe kwamba kiti hakifai. Alikaa kitambo, amefumba macho, baiskeli zikiwapita. Mikono yake ilikuwa imeshika mbao za kiti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Tangu Krismasi sijalala usiku mzima hata mmoja," alisema. "Huyo daktari wako anapokea watu wapya?"

"Anapokea," alisema Wannes. "Ila mweleze ukweli. Mwanzoni ni taabu, unazoea."