Kumlaza Jemedari Tumboni mwa Subira

Jumatatu, 8 Julai 2024
Leo Subira amepandwa. Ni punda wetu pekee, mzee sasa, mpole kama maji ya mtungini. Dume ni Jemedari wa Felician, jirani yangu. Hapa kijijini hakuna dume mwingine, ningefanyaje? Jemedari anapiga mateke. Akitoka bondeni na maji, akifika katikati ya mlima, analala na madumu yote! Felician kafurahi mno. Kasema damu ya dume haishindwi, mtoto atakuwa baba mtupu.
Sikulala vizuri. Mke wangu, Mama Selestina, ana nyonga mbovu. Hospitali ya Mkomaindo walimkataza kubeba ndoo kichwani. Subira akichoka, nani atamletea maji? Mrithi wa mateke? Hapana. Lazima nibuni jambo.

Jumanne, 9 Julai
Nimebuni! Mwalimu Violet, mpangaji wetu kutoka Mbeya, anafundisha biolojia. Nilimkuta akisahihisha madaftari. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuzuia damu ya baba. Kacheka, halafu kaeleza kwa upole. Mtoto akiwa jike, anapata kromosomu X mbili, moja ya mama, moja ya baba. Mbili ni nyingi. Kwa hiyo mimba ikiwa bado changa, kila seli inalaza moja. Wataalamu wameliona hilo kwenye mimba za farasi zenye umri wa wiki moja, mbili hivi. Punda ni ndugu wa farasi.
“Kwa hiyo ya Jemedari inaweza kulala?”
“Kwenye seli nyingine italala yake, kwenye nyingine ya Subira. Ni bahati tu, Baba Selestina. Hakuna anayechagua. Na tabia haikai kwenye X peke yake.”
Aliendelea kusema. Mimi nilikuwa nimeshasikia la maana. Inalala! Na kinacholala hubembelezwa.

Jumatano, 10 Julai
Nimeanza. Jioni, ubavu wa kushoto wa Subira, nyimbo za mama yangu za Chimakonde. Sauti ya chini. Lala Jemedari, lala baba. Subira alinitazama kwa huruma.
Felician akachungulia uani. Nikasema natafuta kupe. Kauliza kupe wa siku hizi wanaimbiwa? Mtu huyu hana adabu.

Jumapili, 14 Julai
Nimekamatwa. Mama Selestina katoka kanisani mapema, kanikuta nimekumbatia tumbo la punda. Nikaeleza yote. Nyonga, maji, mlima, kromosomu. Nilingoja kuchekwa.
Hakucheka. Akageuza kinu, akakaa taratibu akishika kiuno. Kasema, “Selestina alipokuwa tumboni ulikuwa Tandahimba kwenye korosho msimu mzima. Hakuna aliyetuimbia.”
Miaka ishirini na sita hakuwahi kulisema. Nikasema nisamehe, mama. Kasema imba, jua linazama. Kisha akaitikia mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti nzuri.

Ijumaa, 19 Julai
Balaa! Felician kajua. Najua ni mimi niliyejisifu kilabuni, lakini hilo si hoja. Kaja na spika yake ya kukodisha harusini, kaiweka mpakani, kafungulia mpaka majani ya mkorosho yakatetemeka. Kasema kama mimi nalaza, yeye anaamsha.
Subira akakata kamba, akakimbia kuelekea korongo la bondeni. Mama Selestina akamfuata mbio na nyonga yake. Akaanguka. Nikamwona chini, nikasahau punda, nikasahau kila kitu. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani huku akinigombeza nimfuate Subira.
Felician ndiye aliyemfuata. Karudi naye saa kumi na mbili, magoti yana vumbi, uso umemshuka. Kasema, “Shemeji, nisamehe. Nilidhani ni mchezo.” Mama Selestina kamwambia anywe chai.
Mwalimu Violet katuketisha wote wawili kama wanafunzi. Kasema kulala au kuamka kwa kromosomu hakusikii wimbo wala spika. Punda anataka kivuli, majani na wanaume wanyamavu. Tukasema ndiyo mwalimu.
Nyonga haikuvunjika. Nimemkanda kwa maji ya moto. Kanishika mkono hadi kasinzia.

Alhamisi, 17 Julai 2025
Kazaliwa alfajiri! Subira mzima. Mtoto ana masikio makubwa kuliko mwili. Mama Selestina kakaa chini kwenye majani, mtoto kaweka kichwa mapajani mwake. Nilijifanya kitu kimeniingia jichoni.
Ni dume.
Mwalimu Violet kacheka hadi kashika ukuta. Kasema dume ana X moja tu, na hiyo ni ya mama. Ya Jemedari haikufika kabisa. Hapakuwa na cha kulaza!
Felician kauliza mara mbili, “Haikufika?” Kasikitika kweli. Mimi nikatangaza kwamba hakuna aliyewahi kubembeleza namna hiyo. Nimeilaza isirudi!
Mwalimu kasema sivyo. Kasema baba amempa kromosomu Y yake, nzima.
Nikauliza Y hulala saa ngapi.
Mwalimu kaingia ndani. Naanza leo magharibi. Mama Selestina kasema yeye atashika sauti ya kwanza.