Nilivyomtafuta Mwizi wa Makala Yangu

Leo nimeaibika, tena kwa sauti kubwa ya simu, mbele ya wanawake wote wanaokausha samaki hapa Nchelenge. Naandika haraka kabla wao hawajawasimulia kwa namna yao. (Wameshaanza. Nawasikia.)

Mnajua ninafundisha kwa mkataba kwenye chuo kimoja huko Mansa, na sasa niko likizo kwa mama. Mnajua pia, maana nimewachosha nayo tangu mwaka jana, kwamba nimeandika makala kuhusu kukausha chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Bila makala iliyochapishwa, mkataba wangu unaisha mwezi huu na kwaheri. Niliituma kwenye jarida moja la Kiswahili. Nikajiita msomi. Nikabuni hata sahihi mpya.

Asubuhi barua pepe ikaingia kutoka kwa mhariri. Makala imepitishwa kwenye programu ya kukagua waliokopi, na kurasa mbili nzima zimetoka nyekundu. Zinafanana neno kwa neno na makala ya mtafiti mwingine, iliyochapishwa miaka mitatu iliyopita. Nijieleze leo leo, la sivyo inafutwa.

Mimi? Kukopi? Makala yake sijawahi hata kuisoma! (Hilo lenyewe ni kosa kwa msomi, lakini sikuliona.) Nikaifungua katikati, macho yakanitoka. "Ukikanyaga muchanga na inakuunguza muguu, usianike: samaki itakauka inje, ndani itaoza." Hayo ni maneno ya kwetu! Mama amenilea kwa maneno hayo! Nikaelewa mara moja. Huyu mtu alipita hapa, akatuibia, na sasa mwizi naitwa mimi.

Nikamjibu mhariri kwa herufi kubwa. Yule ndiye mwizi, mwizi wa jasho la watu, na ninaye shahidi! Anipigie saa nne, amsikie kwa masikio yake.

Shahidi ni mama mwenyewe, Mama Feza, aliyelivuka ziwa na sisi watoto kutoka Kongo kuja huku Zambia, na tangu hapo hajaacha kuanika samaki. Nikamkuta amechuchumaa mchangani, anawageuza. Nikawaita na wenzake wote wasogee. Ushindi unataka watazamaji.

Simu ikalia. Nikaweka spika. Mhariri ni mama mmoja Mtanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Shahidi yupo?"

"Yupo, Profesa! Mama, mwambie. Yale maneno ya mchanga ni ya nani?"

"Ni yangu," mama akasema. "Kijiji yote inajua."

"Umesikia, Profesa! Na yule mtafiti akayachukua!"

"Binti, makala yake umeisoma yote?"

"Sehemu kubwa." (Kurasa mbili.)

"Basi nikusomee mwanzo wake." Akasoma polepole: "Maelezo yote yaliyomo ndani ya alama za kunukuu ni ya Mama Feza, mkausha samaki wa Nchelenge. Ameruhusu jina lake litajwe."

Wanawake wakaacha kugeuza samaki, wakanitazama. Nadhani hata nzi walitua.

"Sasa wewe," mhariri akaendelea, "jina la Mama Feza umeliandika ukurasa gani?"

Kurasa kumi na nane, jamani. Nimemshukuru mkuu wa idara. Nimemshukuru hata rafiki aliyeniazima kompyuta. Mama hayumo. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu ulichofundishwa na mamako kina mwenyewe.

"Eh, mutoto wangu," mama akasema. "Donc muizi njo weye?" (Kumbe mwizi ni mimi.)

"Mwandi!" akapiga kelele kwa mshangao Mama Kapasa, jirani yetu Mzambia, ambaye siku zote anajifanya Kiswahili chake kinaishia kwenye bei. Leo alielewa kila neno. Wakacheka mpaka mmoja akakalia samaki wake.

Nikauona mkataba unaondoka. Kwa sauti ya mbu nikamwambia mhariri aifute tu.

"Subiri," akasema. "Wakaguzi waliipenda. Na kurasa za mwisho, za kukausha wakati wa mvua, hazina wekundu hata kidogo. Hazipo kwingine kokote. Umezitoa wapi?"

Mama akaninyang'anya simu.

"Ile ya mvua sikumuambiaka ule mugeni. Aliniuliza, nikanyamaza. Nilimuwekeaka mutoto wangu, sababu niliona anasoma. Nilijua siku moja ataandika."

Nililia. Nasema wazi, nililia na kamasi.

"Basi, mama," mhariri akauliza taratibu, "jina lako tuliweke?"

"Uweke. Yangu mbele. Ya huyu, inyuma."

Mhariri akacheka mpaka akakohoa. Akanipa masharti: niweke alama za kunukuu kila panapostahili, nimtaje yule mtafiti, nimwombe na radhi kwa kumwita mwizi (kwa herufi ndogo). Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimerekebisha yote, nimetuma.

Jibu limeingia sasa hivi. IMEKUBALIWA! Nimepiga vigelegele peke yangu, kisha ufuko mzima ukanipokea. Mwandishi wa kwanza hakumaliza shule ya msingi, na hapa anapita beseni kwa beseni akitangaza kwamba aitwe Profesa. Mama Kapasa ameshakubali.

Mwandishi wa pili ni mimi. Chekeni mnavyotaka, lakini atakayesambaza kisa hiki bila kututaja, tutamtafuta kwa ile programu.