Zizi la Dirishani

Jumatatu, 1 Novemba 2010

Binti yangu Darlène amefika! Likizo ya vuli, wiki nzima, kwangu hapa Tensta. Mama yake, Ghislaine, amemleta mpaka mlangoni bila kuvua koti. Akaniambia jambo moja tu kabla ya kurudi kwake Rågsved, upande wa pili wa jiji: mwisho wa wiki mtoto atasema mwenyewe anataka kula Krismasi kwa nani.

Tangu tuachane sijawahi kuipata Krismasi hata moja. Kule Rågsved watakuja binamu kutoka Ubelgiji, zawadi, nyama ya mbuzi. Huku niko mimi na televisheni. Mtoto ana miaka minane, hesabu hiyo anaijua.

Lakini nina mipango! Leo hii nimempeleka kwenye bembea kubwa za bustani ya michezo, kule Djurgården. Treni, basi, mvua. Milango imefungwa! Imefungwa mpaka mwakani, alisema mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Aliniangalia kama mtu asiye na kalenda.

Darlène hakulia. Alisema kwa Kiswidi kuwa haidhuru, akainama chini ya miti ya kastanji na kuanza kuokota mbegu zake kwenye majani. Kubwa, za kahawia, zinang'aa. Akajaza kofia yangu. Nimerudi nyumbani kichwa kimelowa.

Jumanne, 2 Novemba

Nimeamka na wazo. Chakula cha bure! Darlène akasema kastanji hizi haziliwi, mwalimu amewaambia. Nikamjibu kuwa mwalimu hajawahi kukimbia vita, hajui kinacholiwa na kisicholiwa. Nikachemsha chache. Nikaonja moja.

Mwalimu yuko sawa. Nimesukutua kinywa mpaka mchana. Darlène kwa heshima hakucheka mbele yangu. Alikwenda kucheka bafuni, nikamsikia.

Zilizobaki akazimwaga mezani, akaomba njiti za kiberiti. Shuleni huwa wanatengeneza wanyama: kastanji kubwa ni mwili, ndogo ni kichwa, njiti ni miguu. Akatengeneza nungunungu. Nikamwambia kwetu Rutana hatufugi nungunungu. Nikachukua msumari, nikatoboa, nikampa ng'ombe. Pembe nikaweka vijiti vya kuchokolea meno, vile virefu. Ng'ombe wa babu yake walikuwa na pembe ambazo haziingii mlangoni.

Tukatengeneza mwingine. Na mwingine. Nikamsimulia jinsi babu alivyokuwa akiwaita jioni, kila mmoja kwa jina lake. Darlène aliacha kutoboa. Akaniuliza: «Na wao walikuwa wanaitika?»

Kwa Kiswahili! Mwenyewe, bila kusukumwa. Siku zote mimi nauliza Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatano, 3 Novemba

Zizi limejaa dirishani. Fahali, mitamba, ndama, wote wanatazama kituo cha mabasi. Darlène amewapa majina. Mwekundu kuliko wote ni Bihogo, kama yule wa babu. Kuna mmoja anaitwa Jennifer, sikuuliza kwa nini. Bembea amezisahau. Krismasi hii ni yangu, naiona!

Ningefunga mlango, siku ingeishia hapo. Lakini Gitau alibisha. Gitau ni Mkenya wa ghorofa ya juu, anaendesha basi, na leo alikuwa mapumzikoni. Akawasifu ng'ombe. Kisha akaziona kastanji zilizobaki kwenye bakuli, akasema hizo ni kete nzuri za bao, kwao bao huchezwa kwa mistari miwili.

Miwili! Nikamwambia bao ni mistari minne, ya miwili ni ya watoto wanaojifunza kuhesabu. Akaniambia: «Sasa ndugu yangu, hiyo yenu ya minne ni ya watu hawana kazi ya kuamkia.»

Mimi nina kazi ya kuamkia. Nasafisha ofisi tatu. Tumekubaliana kesho, kwangu, mistari minne, aone.

Jumamosi iliyopita sikuwa na habari na bao. Sasa silali.

Alhamisi, 4 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkewe Gitau, Wamaitha, alimchukua Darlène juu wakakaange maandazi. Nikapanga trei za mayai mezani, mashimo ya kutosha. Kete hazikutosha. Kastanji za bakuli ziliishia mstari wa pili. Gitau akasema tuongezee maharage. Maharage yalikuwa jikoni, yanachemka kwa ajili ya chakula cha jioni. Basi tucheze miwili, akasema, na akatabasamu.

Lile tabasamu! Nikatazama dirishani. Nikajiambia nichukue ndama wawili tu, wale walio nyuma, hawaonekani. Pembe zilitoka kirahisi. Kisha nikachukua mitamba. Kisha vichwa, maana kichwa nacho ni kete. Wa mwisho alikuwa Bihogo. Gitau aliniuliza kama mtoto atakubali. Nikamjibu kuwa kwangu mimi ndiye baba.

Nimefungwa. Mara mbili. Na kwa mistari minne, ya kwetu!

Darlène alirudi na sahani ya maandazi ya moto. Akaona dirisha tupu. Akaona rundo la pembe na miguu kando ya trei. Gitau akakumbuka ghafla kuwa ana zamu. Mtoto aliweka sahani mezani polepole, akaniuliza: «Papa, ulishinda?»

Nikasema ndiyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja mapema, hata mkwe sijapata.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimeamka kabla yake niwarudishe. Mashimo yamelegea. Kichwa cha ndama nimekiweka kwenye mwili wa fahali. Jennifer ana miguu mitano. Wakaanguka wote kwa pamoja.

Nikatunga hadithi. Nilimwambia kuwa huku Ulaya vuli ikifika pembe huanguka zenyewe, kama majani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwa Kiswidi, kwa upole kama mwalimu, kuwa hao ni älg, wale wanyama wakubwa wa kwenye vibao vya barabarani. Ng'ombe hawaangushi pembe.

Mchana nikamnunulia ng'ombe wa plastiki, boksi zima. Weusi na weupe, hawana pembe hata moja. Alisema asante. Akala, akasema asante. Akaomba kulala mapema. Angelia ningejua la kufanya. Asante hizi zinaniua.

Nina aibu. Hakuna mtu aliyeniambia niwachukue. Gitau hata alikataza, kwa namna yake.

Jumamosi, 6 Novemba

Sina mpango wowote leo. Imeniishia. Nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema kutoka.

Tukatembea mpaka upande wa kanisa la Spånga. Leo Waswidi wanawakumbuka marehemu wao, makaburi yote yana mishumaa, kimya kabisa, na mvua nyepesi. Tulitafuta kastanji chini ya miti. Zimeoza karibu zote, vuli imekwisha. Mimi nilishika mwavuli. Nilitaka kusema mambo mengi. Nikamezea.

Mwishoni akapata moja nzima na moja ndogo ya kichwa. Kwenye benchi nikamwambia kuwa sikushinda. Kwamba Gitau alinifunga na nikamdanganya, na ng'ombe walikuwa wake, si wangu. Samahani, nikasema. Aliendelea kuifuta kastanji kwa mtandio wake. Akasema alijua, Gitau aliimba ushindi wake kwenye ngazi.

Nyumbani tukatengeneza ng'ombe mmoja. Yeye alitoboa, mimi nikashika taa. Pembe ndefu kuliko zote. Jina hajampa bado.

Jumapili, 7 Novemba

Ghislaine alikuja mchana. Safari hii alivua koti, akanywa chai. Akamuuliza mtoto, mbele yangu. Nikaweka kikombe chini.

Darlène alikwenda dirishani, akamgeuza ng'ombe atazame ndani. «Huyu anabaki kwa Papa,» alisema. «Nitampa jina nikija Krismasi.»

Krismasi ni yangu! Ghislaine hakubisha. Alinitazama kidogo, kama mtu aliyenisahau akanikumbuka. Nikamwahidi mtoto kuwa ng'ombe huyu hataguswa na mtu. Nikaapa. Nikawasindikiza mpaka kituoni na nikapunga mkono hata treni ilipokwisha kuondoka.

Nimerudi nimebadilika. Nimeelewa. Kwa mtoto hakuna mipango, kuna kuwa naye tu. Nitaliandika hili kwa herufi kubwa nisilisahau.

Jioni Gitau amebisha. Amekuja kuomba radhi, ameleta na trei mpya. Mchezo mmoja tu, wa kupatana. Tumepanga kete. Imepungua moja, labda iliingia nyuma ya hita. Gitau amesema tuweke kifungo cha koti. Nimekataa! Nikimfunga kwa kifungo, mtaa mzima utasema nilishinda kwa kifungo. Akasema basi tuache. Na akatabasamu.

Pembe zimetoka bila shida. Nimeziweka vizuri kwenye sahani ya kikombe, pamoja na miguu, nijue ipi ni ya wapi. Mwili ni kete nzuri sana, nzito, inakaa mkononi. Krismasi iko mbali. Zamu yangu ndiyo ya kwanza.