Soli Zangu Zimebaki Tseikuru

Leo nimefedheheka mbele ya watu, mbuzi na ngamia wawili.

Naandika haraka kabla ya ile video kuwafikia. Itawafikia tu, maana simu zilizokuwa zimeinuliwa pale sokoni hazihesabiki. Afadhali mpate habari kutoka kwangu, mimi mwenye miguu.

Mnaonijua mnajua nimebeba spika za bendi hii mwaka mmoja na nusu. Nazitoa Kathonzweni, nazipakia, nazipanga, naunganisha nyaya, kisha nazirudisha. Watu wakiniuliza, "Bado hujaimba?" huwa nawajibu, "Niko kwa laini." (Laini yenyewe ina mtu mmoja.)

Juzi Chairman akaniita kando. Chairman ndiye kiongozi wa bendi na mpiga gitaa la solo, na hana maneno mengi.

"Tseikuru nitakupa wimbo mmoja," akasema. "Watu wakiinuka kucheza, wewe ni mwimbaji. Wasipoinuka, usiniulize tena hiyo maneno. Utabeba spika mpaka uzeeke."

Nilimpigia mke wangu simu papo hapo. Akaniombea vizuri sana, hadi amina, halafu akauliza, "Sasa ukianza kuimba, spika zitabebwa na nani?"

Jana tukapitia Makindu, na hapo ndipo nilipojiponza. Niliona viatu. Vya mitumba, ndiyo, lakini vyeupe pe, vimechongoka mbele, vinang'aa. Nikavivaa papo hapo. Fundi wa viatu aliyekuwa ameketi jirani akaniomba kimoja, akakikunja kidogo, akatikisa kichwa. "Hii imekaa stoo miaka mingi. Soli imechoka. Usiende nayo kwa jua." Nikaona ana wivu. Chairman naye akaniambia, "Kule vaa akala kama sisi." Bendi nzima huvaa akala za tairi, kama wachunga mbuzi. Nikacheka. Mwimbaji gani huyo wa kuvaa akala? Jamani, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. (Methali haikutaja kuchomwa, kwa hivyo sikujua.)

Leo tukaingia Tseikuru. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, na tajiri mmoja wa ng'ombe alikuwa anafungua duka la dawa za mifugo, ndiye aliyetualika. Jukwaa lilikuwa lori lake la kubebea ng'ombe. Sakafu yake ni mabati mazito ya chuma, na lori lilikuwa limesimama juani tangu alfajiri. Tulianza kupiga saa saba mchana.

Jua la Tseikuru silielezi, maana hamtaniamini. Nyuzi za gitaa zililegea, Chairman akawa anazikaza katikati ya wimbo huku akitukana polepole. Mpiga ngoma alijifunga taulo mbichi kichwani, na kabla ya beti ya tatu ilikuwa imekauka. Watu wote walikuwa wamejipanga kwenye veranda za maduka, migongo ukutani. Mbele ya jukwaa palikuwa patupu, isipokuwa mbuzi watatu waliojibanza kwenye kivuli cha lori.

Chairman akaimba nyimbo nne. Nne! Vichwa vilitikisika, lakini hakuna mguu uliotoka kivulini. Mzee mmoja aliyekalia kigoda akapaza sauti, "Imbeni tu, vijana! Tunawasikia tukiwa hapa hapa!"

Kisha maiki ikaletwa kwangu.

Sasa, kwa wasiozijua nyimbo zetu: wimbo mfupi ni robo saa. Mwanzo ni wa pole pole, mwimbaji anasema maneno yake. Baadaye magitaa yanashika kasi, maneno yanaisha, watu wanacheza. Watu wakinoga, Chairman anaongeza. Na kuna sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: ukishuka jukwaani kabla ya wimbo kwisha, hupandi tena.

Nikaimba beti ya kwanza. Sauti ilitoka vizuri, naapa. Mama mmoja akageuka kununua vitunguu.

Beti ya pili nikahisi kitu laini chini ya mguu wa kushoto. Nikainua mguu. Mguu ukaja, ngozi nyeupe ikaja, soli ikabaki. Imelala pale kwenye chuma kama chapati. Nikaitazama. Nikajaribu kuegemea mguu wa kulia, na wa kulia nao ukamfuata mwenzake. Nikabaki na soksi. (Za nailoni, ndugu zangu. Nilitaka zilingane na viatu.)

Hapo nikajua andazi hupitia nini.

Niliruka. Nikatua palepale kwenye chuma, nikaruka tena. Goti likaenda huku, kiwiko kule, shingo ikaenda peke yake. Sijui hata nilifanya nini. Nikasikia mtu anapiga kelele verandani: "Aiya! Mwone huyo!" Kijana mmoja akatoka kivulini. Wakatoka wengine wawili. Akina mama wakakaza leso viunoni. Yule mzee akaacha kigoda chake! Wakaja wote hadi mbele ya lori, wakawa wanaruka ninavyoruka, kiwiko kwa kiwiko, vumbi linapanda juu.

Chairman kuona hivyo akaongeza kasi.

Nikajaribu kupanda juu ya spika, angalau nipumzishe nyayo. Akanizuia kwa shingo ya gitaa. "Rudi katikati! Wanakupenda!"

"Chairman, naungua!"

"Ungua hivyo hivyo!"

Nikaona heri niwaombe watu wenyewe. Nikalia kwenye maiki, "Leteni maji!"

Soko zima likajibu, "Leteni maji!"

"Nimesema maji!"

"Nimesema maji!"

Waitikiaji wetu nyuma wakaipokea, wakaigawa kwa sauti tatu, besi ikaingia chini yake. Nilipiga yowe lingine, nalo wakaliitikia. Kilio changu kikawa kibwagizo, na nakiri kilikuwa kitamu kuliko wimbo niliotunga mwenyewe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenielewa. Mama Halima, mwenye duka lililo karibu na lori, alikuwa ameketi na beseni lake la soda ndani ya maji ya barafu. Yeye hakunitazama usoni, alitazama miguu. "Wallahi huyo hachezi!" akapiga kelele. "Huyo anaiva!" Lakini nani angemsikia katika ile ngoma?

Nitawaambia ukweli. Ningeweza kushuka mapema. Ngazi ilikuwa pale. Lakini nilipowaangalia wale watu, soko zima limeinuka kwa ajili yangu, mimi wa kubeba spika, nikaipa ngazi kisogo. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo kiasi cha kuona aibu kulisema. Nikajiambia, vumilia, mwanaume ni kuvumilia. Nikavumilia raundi moja. Nikavumilia ya pili. Magitaa yakapunguza kasi, wimbo ukafika tamati, Chairman akapiga mlio wa mwisho. Nikashukuru Mungu.

Umati ukapiga kelele, "Rudia!"

Na Chairman akarudia.

Hapo nikasikia harufu ya soksi zikiungua. Sikutafuta ngazi. Niliruka kutoka lorini, nikatua kwa miguu yote miwili ndani ya beseni la Mama Halima, katikati ya soda na barafu.

Laiti ningekuwa nimeiacha maiki juu! Nilikuwa nimeishika bado. Sauti iliyonitoka ikapita kwenye spika zote nane, ambazo nilizipanga mimi mwenyewe asubuhi na kuzielekeza vizuri pande zote za soko.

"Aaaaaai, mwaituuuu!"

Muziki ukakatika. Mtu mzima, namwita mama yangu kwa Kikamba! Hata ngamia mmoja aligeuza kichwa.

"Wewe baba," akasema Mama Halima, "toa miguu kwa soda yangu."

"Niache kidogo, mama," nikamjibu, sauti imejaa machozi. "Kidogo tu. Iko tamu." Na hilo pia likasikika hadi kwenye zizi la mwisho.

Walicheka mpaka yule mzee akalala chini kabisa, vumbini, amejishika mbavu. (Soda zenyewe zilinunuliwa zote. Kiu ya Tseikuru haina kinyaa.)

Mama Halima ana roho nzuri. Alinikalisha verandani kwake, akanipaka shubiri kwenye nyayo huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Kisha Chairman akaja. Akachuchumaa, akaitazama miguu yangu kwa heshima ambayo sauti yangu haijawahi kupewa.

"Nimeshuka kabla ya wimbo kwisha," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. "Najua sheria."

"Wimbo ulikuwa umeisha. Ile ilikuwa ya kurudia."

"Kwa hivyo nimepita?"

"Umepita."

"Kuimba?"

Akakuna kidevu. "Kuimba bado. Hiyo sauti tutaangalia mbele ya safari. Lakini hiyo miguu, wakwa, ndugu yangu!"

"Chairman, ulisema watu wakiinuka mimi ni mwimbaji. Waliinuka."

Akaitazama miguu yangu tena. "Sawa. Nilisema. Basi utaimba beti mbili, halafu utavua viatu." Akainuka, akajipangusa vumbi. "Jumamosi tuko Kathonzweni, kwenu. Lori ni hilo hilo, tajiri ametuazima, saa ni hiyo hiyo. Nimeshawaambia watangaze."

Nimekubali. (Nyinyi mngekataa? Mwaka mmoja na nusu!) Mama yangu ameshasikia, na anasema atakuja mapema akae mbele.

Najua huko kwetu kila mtu anaomba mvua kwa sababu ya ndengu zilizo shambani. Badala ya kunicheka, niongezeni kwenye maombi hayo: Jumamosi inyeshe kidogo, hata manyunyu, juu ya lori peke yake.