Jiwe la Kisima cha Mzee Matano

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo nyota yangu imeng'aa. Daktari Shamsa, mtaalamu wa miamba kutoka Dar, kapima kipande cha jiwe lililotoka kisimani kwa marehemu mkwe wangu, Mzee Matano. Eti ndani mna mbegu za mwani. Si huu wa baharini, ni wa maji baridi, uliogeuka jiwe. Mbegu zenyewe ndogo kama chembe za mchanga, za mviringo, zimezungukwa na mistari. Kila zama na aina yake. Akiijua aina, kaujua umri wa jiwe. Kaniomba nimtunzie jiwe zima hadi Alhamisi. Ataliita kwa jina la Mzee. Aziza mke wangu akisikia, atarudi. Yuko kwa kaka yake, kule kijiji cha Kirongwe, tangu nilipoukausha mwani wake kwa moto, ukateketea.

Jumanne, 8 Julai

Jirani yangu Shaibu naye kapeleka jiwe. Jeupe, linameta. Langu jeusi kama sufuria ya pilau! Roho iliniuma. Sasa Bimkubwa, bibi wa nyumba ya pili, anachoma chokaa kwa harusi ya mjukuu wake. Matumbawe yanaingia tanuuni machafu, yanatoka meupe pe. Nimelipenyeza langu katikati.

Alhamisi, 10 Julai

Limetoka jeupe. Nikalimwagia maji kuondoa majivu. Likafoka, likavimba, likawa uji. Daktari kaja, kachungulia ndoo, kauliza mbegu ziko wapi. Nikasema jiwe limetakata. Akakaa chini. Kile kipande alikwisha kukisaga. Alipata mbegu moja tu, tena imevunjika, aina haitambuliki. Na kisima kilifukiwa zamani.

Ijumaa, 11 Julai

Aziza alikuja baada ya sala. Mkoba hakuutua. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema baba yake alilitoa jiwe lile kwa mikono yake, akawa analikalia akitia udhu. Akaiomba ndoo ya chokaa, akarudi nayo Kirongwe. Najuta. Wallahi najuta.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeapa, hila basi. Ila jiwe la Shaibu, Daktari kalikataa, limetupwa nje ya ua, halina mwenyewe. Masizi kidogo, litafanana na la Mzee. Na jikoni nimekuta ulezi. Punje ndogo, za mviringo. Nimezichora mistari kwa sindano, zimependeza. Daktari anaondoka kesho. Jina la Mzee litaandikwa, na Aziza atarudi. Imebaki gundi tu. Nimeshaagiza kwa fundi viatu.