Naomba Mzee Thimios Asife Jumapili

Chama cha Akina Mama wa Kanisa,
Oakleigh, Melbourne.
Alhamisi, wiki ya pili ya tamasha.

Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Filamu Mpya za Kigiriki.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWA KIFO CHA MZEE THIMIOS KABLA YA ONYESHO LA JUMAPILI JIONI

Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, na naomba usiichukulie barua hii kama ya mtu aliyekushika uchi juu ya maji ya ubatizo na kukupa jina la Aristidis, ingawa mtu huyo ni mimi. Leo siandiki kama mama yako wa ubatizo. Naandika kama mtazamaji aliyekata tiketi, tena kiti cha katikati, na mwenye haki zake.

Ombi langu ni moja na ni dogo. Katika filamu yenu iitwayo Dirisha la Kaskazini, mzee Thimios anakufa akiwa kwenye kiti. Naomba asife. Mnaionyesha kwa mara ya mwisho Jumapili jioni, kwa hiyo muda wa kukikata hicho kipande mnao, na kama mkasi hamna nitaleta wangu. Sababu zangu ni hizi.

1. Nianze na filamu zenu kwa jumla, usije ukadhani nina chuki na moja tu. Tulipotangaziwa kanisani kwamba zinakuja filamu mpya kutoka nyumbani, tulikwenda kutengeneza nywele. Jirani yangu Despina alivaa mkufu ambao mara ya mwisho ulitoka kabatini kwenye harusi ya mwanawe. Tulitegemea bahari kidogo, ngoma kidogo, na mama mkwe wa kuzomea. Tukapewa watu wasiopepesa macho. Katika ile ya Jumanne familia nzima ilikaa mezani, chakula kikapoa mbele yao, na hakuna aliyekula wala aliyesema neno mpaka ukumbi mzima ukashikwa na njaa. Wagiriki, mezani, kimya. Nilimuuliza binti yangu Fotini kama hawa watu wamefiwa, akanijibu, "Mama, hiyo ndiyo sanaa." Nikamwambia sanaa ya namna hiyo tulikuwa nayo nyumbani kila marehemu baba yake aliponuna, na hatukuwahi kuikatishia watu tiketi.

2. Sasa nije kwa mzee Thimios mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu ulitoka ukumbini mapema kwenda kupokea wageni wa heshima, nilikuona. Mzee anaishi peke yake kijijini, huko milimani. Anachemsha mayai. Anazungumza na mbuzi. Binti yake yuko Athens, kila siku anasema atakuja na kila siku haji. Siku moja mzee anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, anauangalia mlango, na hapo hapo anakufa, taratibu, macho wazi. Binti anafika, anamtazama, anatoka nje kuvuta sigara, anapanda gari lake na kuondoka. Taa zinawashwa. Filamu ndiyo hiyo, na watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyemfumba macho. Hakuna mshumaa, hakuna padri, hakuna hata jirani wa kuja kupiga yowe. Despina alivumilia mpaka binti alipowasha sigara, ndipo akasimama katikati ya ukumbi: "We msichana, mfumbe macho baba yako kwanza!"

Nikamvuta gauni nikamwambia, "Kaa chini, Despo. Hakusikii, yuko Ugiriki."

Akasema, "Ndivyo walivyo. Wakishafika Athens hawamsikii mtu."

Vijana wa nyuma walituambia tunyamaze, nasi tukawauliza wao ni watoto wa nani. Wakawa wajukuu wa Voula, mwenzetu wa chama, kwa hiyo hatukuendelea kuuliza.

3. Marehemu wa namna hiyo haachwi hivi hivi. Wewe umekulia kwetu, unajua kwamba mtu akifa hupikiwa koliva: ngano ichemshwe, ikaushwe, itiwe sukari, lozi na mbegu za komamanga, ipelekwe kanisani, padri alisome jina lake, na watu wale wakimwombea. Pale pale mlangoni mwa sinema, glasi za divai yenu mkononi, Despina akauliza, "Na huyu mzee koliva yake atapika nani?" Wote wakanigeukia mimi. Ningefanyaje? Ijumaa nilichemsha ngano, Jumamosi nikaipamba, na juu yake nikaandika herufi ya kwanza ya jina lake kwa peremende nyeupe.

Jumapili asubuhi nikampelekea Padri Nektarios jina.

"Huyu Efthimios ni wa ukoo gani?" akaniuliza, maana Thimios ni kifupi tu.

"Hana watu, Baba."

"Alifia wapi?"

"Kijijini. Peke yake, kwenye kiti."

"Mungu amrehemu," akasema, na akaliweka jina pamoja na mengine.

Naomba kamati itambue kwamba katika majibu yangu hakuna uongo hata mmoja.

4. Hapa sasa lawama ni yenu moja kwa moja. Kamati yako haijawahi kuanza jambo lolote kwa wakati tangu iundwe. Jumapili ile, bila kumwonya mtu, mkawahi ibadani. Padri alikuwa ndiyo kwanza anasoma "mtumishi wa Mungu Efthimios" mlango ulipofunguliwa na Efthimios akaingia mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake unatabasamu. Ndiyo, najua, ni bwana Pelopidas Rizos, mwigizaji, mgeni wenu kutoka Athens. Ndevu alikuwa amenyoa, suruali ilimbana kama ya kijana, lakini masikio yale hayanyoleki. Despina alirudi nyuma akakalia sinia la mchanga wenye mishumaa, mishumaa ikiwaka. Gauni lake naliambatanisha kama ushahidi.

Bwana Rizos aliwasogelea akina mama akauliza kwa sauti ya chini, "Leo tunamkumbuka nani?"

Voula, ambaye hajawahi kukaa na neno mdomoni, akamjibu, "Wewe, bwana."

Nakiri alijiheshimu. Alifanya ishara ya msalaba akasimama mpaka mwisho. Baadaye akaja mezani kwetu, akachukua koliva, akala. Akachukua tena. "Nani kapika?" Wakamwonyesha mimi. Akanishika mikono yote miwili: "Mikono yako iwe na afya, mama. Tangu mama yangu afariki sijala ya namna hii."

Kwa nafsi yangu nilifurahi, siwezi kuficha. Lakini kama mwanachama nimekasirika, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia mtu amekula koliva yake mwenyewe na kuongeza. Tulimuuliza Padri Nektarios kanisa linasemaje. Akasema, "Hakuna kanuni inayokataza. Hakuna mtu aliyewahi kuweza."

5. Madhara yanaendelea kila siku. Kwanza, padri siku hizi hapokei jina kirahisi. Voula alipompelekea jina la mama yake mzazi, aliulizwa kama huyo mama naye ametoka kwenye filamu. Pili, maombi yale yameshakwenda na mwenyewe yuko hotelini anakunywa kahawa, kwa hiyo hatujui yamemfikia nani. Tatu, Despina anaamini bwana Rizos hatamaliza mwaka, na kila akimwona mtaani anamtemea mate pembeni mara tatu kumkinga na jicho baya. Mwenzetu hajazoea, anadhani hapendwi.

Kwa hiyo chama chetu kinapendekeza yafuatayo kwa matamasha yajayo. Waongozaji wa filamu huko Ugiriki wawazike wanaowaua. Wasipowazika, kamati itutumie majina yao siku arobaini kabla ya onyesho ili tupike kwa utaratibu. Kila ukumbi wenye kifo uwe na padri mlangoni, na Despina naye apewe kiti karibu na skrini, maana atasimama tu. Mwigizaji aliyekufa asisafirishwe nje ya nchi mpaka arobaini yake ipite. Nimemsomea Fotini mapendekezo haya, akasema sinema haiendeshwi hivyo. Nikamuuliza ni kifo gani basi kinachoendeshwa hivyo walivyokionyesha.

6. Hii ya mwisho nilitaka niiache, lakini bila hii utadhani nakutania.

Unamkumbuka kaka yangu Thanasis. Ndiye aliyekuwa akikutumia asali kila mwaka siku ya mtakatifu wa jina lako, na wewe hukupenda asali, ukawa unampa mbwa. Alikufa kijijini kwetu mwaka ule wa korona walipofunga mipaka ya nchi hii, hakuna ndege ya kwenda wala ya kurudi. Niliomba kibali, nikanyimwa. Niliomba tena, nikaambiwa kaka si sababu ya kutosha. Alikuwa akiishi peke yake. Alikuwa akichemsha mayai. Mbuzi hakuwa naye, alikuwa na redio, na alizungumza nayo.

Hakuna aliyekuja kutuomba ruhusa ya kumfanya filamu. Najua mtasema ni mzee mwingine. Lakini angalia ukumbi wako, Aristidis, usiangalie skrini, angalia viti. Kila mtu pale ana mzee wake aliyeachwa kwenye kiti mahali fulani. Tumevuka bahari, tumefungua maduka ya samaki, tumesomesha, tumezika waume zetu hapa, halafu mnatuzimia taa na kutuonyesha kile ambacho tumekikimbia miaka yote tusikione. Na yule binti nimemchukia, nasema wazi. Nimemchukia kwa sababu barabara ilikuwa wazi na gari alikuwa nalo.

Ndiyo maana naomba. Jioni moja tu, mzee mmoja asife. Akae dirishani, auangalie mlango, mlango ufunguliwe, binti aingie na mkate, wachemshe mayai, filamu iishie hapo. Nani ataumia? Wenye sanaa watanung'unika, na wanung'unike. Bwana Rizos mwenyewe nimemuuliza mbele ya duka la keki kama angekubali kutokufa, akasema, "Mama, ningefurahi, lakini si mimi ninayeamua." Namleta hapa kama shahidi wangu.

Endapo kamati itapuuza ombi hili, Chama cha Akina Mama hakitaleta mikate ya jibini wala ya mchicha kwenye sherehe ya kufunga tamasha, na wageni wenu watakula vile vibiskuti vya kamati. Sisemi hivyo kwa kutishia. Nakupa taarifa mapema ili wasafiri wapate kujiandaa.

Nimalizie kwa kukuombea afya na busara, hasa hiyo ya pili. Msalimie mama yako, umwambie ile sufuria yangu kubwa bado iko kwake. Wasalimie wanakamati wote, hata mhasibu, na watoto wako, na mke wako ambaye sasa anatengeneza kahawa vizuri. Bwana Rizos nimemfungia koliva kidogo ya kula safarini, ameisahau kwa Fotini.

Ni mimi, niliyemjibu padri kwa niaba yako ulipokuwa hujui kusema,

Stamatia Kourtesi
Katibu, Chama cha Akina Mama wa Kanisa

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Usikikate kile kifo. Nimekulalamikia kurasa nzima kitu ambacho sikukiona. Mzee alipoanza kuuangalia mlango nilijifunika uso kwa mkoba, na yote ya filamu niliyokuandikia kuanzia hapo nimeyapata kwa Despina. Siku ya Thanasis jirani yake alishika simu ya video kando ya kitanda ili nimuage kaka yangu. Picha ikaganda, yeye akiwa anauangalia mlango. Ilipofunguka walikuwa wameshamfunika shuka, na mimi tangu siku hiyo kila nikimuwaza namwona bado anauangalia. Despina anasema mzee wenu hachukui muda mrefu, anapumua mara chache, kisha uso wake unatulia. Kwa hiyo Jumapili niwekee kiti cha mbele kabisa, na mwambie fundi wa mitambo asiisimamishe filamu kwa sababu yoyote, hata nikilia kwa sauti. Nataka niangalie mpaka mwisho.