Mti wa Haslreit na Kamera Mbili

Habari iliyowasha moto Jumapili ile ilikuwa ndogo kama kiganja, chini ya tangazo la mbegu za viazi. Mwalimu mstaafu Gebhard, ambaye kijiwe kizima humwita Ukungu, aliisoma kwa sauti ya kanisani, gazeti limebanwa kwenye fimbo ya mbao ya magazeti ya baa kama bendera ya nchi iliyoshindwa vita.

"'Wezi wavunja karakana ya samani. Wabeba misumeno ya umeme, kamera za ulinzi, na sanduku lililokuwa likihifadhi picha za kamera hizo.'" Akalilaza gazeti mezani. "Wameondoka na ushahidi wao wenyewe. Kazi safi."

"Si nilisema?" Kastulus alipiga meza, povu la bia likaruka. Huyu ni mkulima, na jina lake la kijiweni ni Barometa, maana hutabiri mvua kwa goti lake la kushoto, na goti lenyewe halijawahi kupatia hata mara moja. "Sanduku la kuhifadhia ndani ni kumpa fisi bucha alinde! Randa, umesikia? Chukua la wingu, umalize mambo."

Randa ni Korbinian, seremala, mwenye karakana nyuma ya kanisa. Alikuwa akimenya ngozi ya soseji nyeupe polepole, kama mtu anayepiga randa mbao ya bei mbaya. Kesho yake muuza kamera alikuwa anakuja kuchukua jibu. Alikuwa amemwachia mitambo miwili ya majaribio: mmoja hutuma picha kwa mtandao zikahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, ndio huo wa wingu, wa pili huzihifadhi kwenye kisanduku chake hapohapo. Korbinian aliifunga yote miwili kwenye banda la mbao, kila kamera na pembe yake.

Na bandani hamkuwa na mashine tu. Mlikuwa na mti.

Mti wa Mei wa Haslreit, nguzo ya sherehe ya kijiji, mrefu kuliko shule, umepakwa nyeupe na bluu, ukingoja kusimamishwa uwanjani siku ya kwanza ya mwezi huo. Mara ya mwisho kijiji kilipochonga mti mpya, ulilazwa kwa baba yake Korbinian, mzee Wunibald, na vijana wa Kirchmoosen, kijiji jirani, wakaja wakauiba kwa desturi ya huku. Haslreit ikaukomboa kwa bia na minofu ya nguruwe. Tangu siku hiyo mzee Wunibald anaitwa Mtoa Mti, na kwenye baa hii ya Zenta hajaingia tena kwa mlango wa mbele. Chupa yake hupewa dirishani, upande wa jikoni, kama paka. Korbinian aliuomba mti ulazwe kwake makusudi, ili aifute aibu hiyo.

"Wingu, wingu," Ukungu alibeua midomo. "Unajua picha zako zinalala wapi? Nani anaziangalia? Leo anakuona unapiga randa, kesho anajua mkeo ni nani!"

"Mke wangu kijiji kizima kinamjua, Mwalimu."

"Ndivyo mambo yanavyoanza!"

"Msikilizeni huyu," Barometa alicheka. "Mtu aliyeandika barua nyumba yake ifichwe kwenye ramani ya mtandao! Wakamwekea ukungu. Sasa hata mleta pizza hafiki. Juzi pizza yake kampelekea padri."

"Padri aliila?" Korbinian aliuliza.

"Aliibariki kwanza."

Zenta, mwenye baa, akapita na trei. Mama huyu hana jina la utani; aliyejaribu kumpa alikunywa maji mwaka mzima. "Kuleni soseji," alisema. "Desturi ya soseji nyeupe mnaijua: kengele ya adhuhuri ikizikuta mezani nazirudisha jikoni. Simbembelezi mtu."

"Tunakula, mama. Tunajadili usalama wa kijiji."

"Usalama gani? Randa, nasikia umewarudisha nyumbani vijana wa zimamoto waliokuwa wakiulinda mti."

Korbinian akanyoosha mgongo. "Walikuwa wanakesha na kuumwa mafua bure, mama. Sasa kuna macho mawili yasiyosinzia. Mtu akiingia, simu yangu inalia papo hapo."

"Na kamera ina mkono?"

Kila mtu pale aliijua sheria tangu akinyonya: mlinzi akiuwekea mti kiganja na kutamka "mti unabaki", wezi huuweka chini, huvua kofia, huenda zao. Asipougusa mtu, mti ni wao, na polisi hacheki wala halii.

"Mkono wa nini, mama?" Korbinian alijibu. "Simu ikilia nakimbia. Toka hapa hadi bandani ni kupiga chafya."

"Simu ikilia," Barometa alirudia, akatazama dari. "Humu ndani? Mtandao wa kijiji hiki upo sehemu mbili tu: makaburini, na dirisha lile karibu na jiko. Marehemu wana mawasiliano kuliko sisi. Mitaro ya nyaya mpya walichimba, wakaifukia, wakasahau kuweka nyaya!"

"Wewe si ndiye unayeshabikia wingu?"

"Nalishabikia, ila sisemi uongo."

Ukungu akaona upenyo, akauingia na viatu vyake. "Ndiyo maana nasema sanduku! Halitaki mtandao, halitaki kulipiwa kila mwezi, halimsimulii mtu habari zako. Ni lako, liko kwako."

"Mpaka libebwe kama la kwenye gazeti," alisema Barometa.

"La Randa halibebeki." Ukungu akainama, akashusha sauti ikasikika mpaka barabarani. "Mwambie, Randa. Mwambie tulipolificha."

Korbinian alitabasamu. Hili ndilo lilimpa usingizi mzito wiki nzima. "Lina betri yake, na linaongea na kamera bila waya. Kwa hiyo tumelifunga kwenye mti wenyewe. Tumboni, chini ya turubai."

"Nani ataupekua mti akitafuta sanduku?" Ukungu aliangalia kushoto na kulia akingoja makofi.

Barometa alifikiri. Goti likamcheza. "Hapo," alikiri, "mmetumia akili."

"Na kibao je?" Zenta aliuliza. "Kile kirefu pale langoni. Nimesimama kukisoma mkate wangu ukaungua."

"Sheria, mama," Ukungu alisema. "Ukiweka kamera lazima umtangazie mpitanjia. Nimeandika mwenyewe: 'Banda hili linaangaliwa kwa kamera badala ya walinzi. Picha hufutwa baada ya siku tatu. Mwenye malalamiko amwone seremala, ambaye Jumapili asubuhi hupatikana baa.'"

Barometa alikohoa bia ikamtokea puani. "Umemwandikia mwizi ratiba!"

"Nimeandika kwa uwazi!"

"Ungeweka na ramani! Ah, samahani, wewe na ramani hamzungumzi."

Hapo ndipo trekta liliponguruma barabarani. Halikuwa moja, lilifuatwa na jingine, taratibu, kwa mngurumo wa mzigo mzito. Glasi za Zenta zikatetemeka rafuni.

Wote watatu wakaacha kutafuna. Ukungu alipauka uso.

"Jumapili," alisema.

"Jumapili!" Barometa aliunga mkono. "Mtu anawasha trekta Jumapili, saa ya mapumziko! Hata mimi mwenye nyasi za kukata nimekaa hapa na dhamiri yangu."

"Ni nani huyo?" Zenta aliuliza toka jikoni. "Chungulieni."

"Sichungulii!" Ukungu alifoka. "Nikichungulia nitakuwa shahidi, nami nataka kuwa mlalamikaji. Kesho asubuhi niko ofisi ya kijiji."

"Waungwana wamekwisha nchi hii," Korbinian alisema, akashushia na bia. "Sikiliza anavyokata kona polepole. Anajua anakosea."

Wakakaa wakilaani ngurumo ile mpaka ilipofifia upande wa Kirchmoosen. Barometa akatoa hukumu kwamba watu wa kule hawana dini. Ukungu akasema hawana hata sarufi. Wakagonga glasi.

"Haya," alisema Barometa, "tumalize. Tuonyeshe hilo wingu lako linavyofanya kazi, Randa, maana kesho unatoa jibu. Mimi nanunua bia likiwa bovu."

Korbinian alisimama, akaenda kwenye dirisha la karibu na jiko, akainua simu juu kama padri anayeinua kikombe. Wenzake wakamzunguka. Kiduara kikazunguka kiooni. Kikazunguka. Zenta naye akaja, akifuta mikono.

"Kinazunguka vizuri," Barometa alisifu.

Picha ikafunguka. Banda, jua mlangoni, vumbi la mbao likielea kama dhahabu. Magogo ya kuegemezea yamejipanga sawasawa, moja, jingine, jingine. Juu yake hamna kitu.

"Unaona!" Ukungu alishangilia. "Unaona ubovu wa wingu? Limeufuta mti!"

Korbinian aliigonga simu kwa kidole. Akaisugua kwenye shati. Banda likabaki tupu, safi kuliko alivyowahi kulifagia. Ndipo simu ikatetemeka mkononi mwake, ikalia kengele yake ya papo hapo: *Kuna mtu bandani.* Ikalia tena: *Kuna watu bandani.* Kisha tena na tena, ujumbe mmoja ukimkanyaga mwenzake, na picha moja baada ya nyingine: wanaume wa Kirchmoosen kwa makumi, viatu mkononi wasichafue sakafu, mmoja amesimama anasoma kibao mpaka mwisho, mwingine anapungia kamera mkono. Ya mwisho ilionyesha ncha ya mti, nyeupe na bluu, ikiinama langoni kama inayoaga.

"Yale matrekta," Zenta alisema.

Korbinian alimwona baba yake akilini, kwenye lile dirisha la jikoni, mkono umenyooka kupokea chupa. Sasa watakuwa wawili.

"Tulia, tulia," Ukungu alimshika bega. "La wingu limechelewa, sawa. Lakini sanduku letu limerekodi kila kitu, sura zote, safi kabisa. Twende tukalichu..."

Barometa alimtazama kwa huruma aliyonayo mtu kwa ng'ombe aliyeanguka mtaroni.

"Tumboni," alisema Barometa. "Chini ya turubai."

Simu ya baa, ile ya ukutani, ikalia. Zenta akapokea, akasikiliza, kisha akawanyooshea mkono wa simu. Kodiani ilikuwa ikipigwa upande wa pili, na sauti za wanaume walioshiba zikaimba, kwa ule wimbo wa kejeli ambao kila kijiji cha huku huwatungia wenzao:

*Kamera mmezifunga, ukutani na langoni,*
*Macho mengi mmepanga, mkono hamna ndani,*
*Na soga mkazichonga, sisi tuko safarini,*
*Mti wenu twauchunga, mapipa sasa leteni!*

"Vina vimekaa," Ukungu aliungama kwa uchungu.

Kisha sauti moja ikapaza: "Na sanduku lenu tumelikuta! Picha kali sana, jamani, mpaka meno yetu yanaonekana! Tunawaonyesha wake zetu. Seremala, chukua hilohilo, usihangaike!" Simu ikakatwa.

Korbinian alikaa. Soseji yake ya mwisho ilikuwa imepoa. Nje kengele ya adhuhuri ikaanza kupiga, na Zenta, mwanamke wa neno lake, akaja akaiondoa sahani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa.

Aliyeingia alivua kofia, akaiangika kwenye msumari uliokuwa mtupu kwa miaka. Mzee Wunibald alitazama huku na huku kama mtu aliyerudi toka ughaibuni. Alikuwa amechanua uso mzima.

"Nimeyaona matrekta yakipita," alisema. "Nimesimama barabarani nikawavulia kofia. Wameubeba vizuri, hata rangi haikuchubuka."

"Baba," Korbinian alisema, macho mezani. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mimi niliibiwa usiku wa manane, nimelala. Wewe umeibiwa mchana kweupe, ukitazamwa na kamera mbili, ukawasindikiza kwa bia." Alivuta kiti, akakaa kwa kishindo cha raha. "Zenta! Glasi, si chupa. Kuanzia leo Mtoa Mti ni huyu."

Barometa ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, ikamshinda, na kijiwe kizima kikaangua kicheko mpaka Ukungu akavua miwani kufuta machozi. Korbinian alishikilia uso wa msiba kwa kitambo, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika.

"Haya, Mtoa Mti," Barometa alisema alipopata pumzi. "Muuzaji anakuja kesho. Wingu au sanduku?"

Korbinian alitoa penseli nyuma ya sikio. Aligeuza kisahani cha bia cha karatasi, akachora mistari miwili mirefu na miguu minne.

"Benchi," alisema.

Baba yake aliinamia mchoro, akaupima kwa jicho la kazi, akausukuma kidogo kwa kidole kuelekea ukingoni.

"Liweke karibu na mti," alisema. "Mkono ufike."